Mshipa wa baipasi ya Baba umeziba, na nyumbani tunatafuta wa kumlaumu

Shikamoo Daktari,

Naomba unisaidie, maana nyumbani kwetu hatuelewani tena. Baba yangu ana miaka 61 na ana kisukari cha siku nyingi. Alifanyiwa upasuaji wa baipasi ya moyo, akawekewa mishipa mitatu: mmoja ulitoka kifuani, miwili ilitolewa mguuni. Kidonda kilipona vizuri, akaanza kutembea, sote tukashukuru Mungu na kusema ugonjwa umekwisha.

Baada ya mwaka na miezi kadhaa kifua kikaanza kumbana tena kila akipanda ngazi. Alituficha kwa muda. Tulipomrudisha hospitali akafanyiwa angiografia, yaani picha ya mishipa ya moyo, tukaambiwa mshipa wa kifuani uko wazi na unafanya kazi, mmoja wa mguuni umeziba kabisa, na ule wa pili umeanza kusinyaa katikati. Daktari alisema ulioziba ulikuwa umeshonwa kwenye mshipa wa moyo ambao tangu mwanzo ulikuwa mwembamba. Tulikuwa na hofu, hatukuuliza zaidi.

Hapo ugomvi ukaanza. Baba mdogo anasema aliyempasua alishona vibaya na anataka twende mahakamani. Shangazi anamlaumu Mama, eti alimwacha Baba apande ngazi mapema na kwamba walirudiana kama mume na mke kabla kifua hakijakaza. Mama halali usiku. Na mimi nina la kwangu ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa nampangia nguo za kwenda kulazwa nilikuta kwenye droo pakiti za dawa ya kolesteroli. Baadhi hazijafunguliwa, nyingine zimetolewa vidonge viwili vitatu tu. Nilipombana akasema aliziacha kwa sababu mapaja yalikuwa yanamuuma, na mgonjwa mwenzake alimwambia kwamba mtu akishapewa mishipa mipya hana haja nazo tena. Badala yake alikuwa anajinunulia ibuprofeni za maumivu na kumeza karibu kila siku. Aspirini anasema hajaacha. Sigara aliacha alipopasuliwa, lakini koti lake limeninukia moshi zaidi ya mara moja.

Nini hasa huziba mishipa hii? Ni kosa la daktari, la Mama, la Baba, au langu mimi niliyepewa jukumu la kusimamia dawa? Kama mshipa wa kifuani ndio bora, kwa nini walichukua ya mguuni? Hiyo iliyobaki itaziba nayo? Na je, atapasuliwa tena?

Binti yake

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole kwa Mama.

Nianze naye, kwa sababu anaumia kwa jambo ambalo halimhusu kabisa. Ngazi hazizibi mshipa wa baipasi, na tendo la ndoa haliuzibi. Makatazo ya wiki za mwanzo, yaani kutobeba vitu vizito na kutosukuma au kuvuta kwa mikono, yapo kwa ajili ya mfupa wa kifua. Mfupa huo hukatwa katikati, ukafungwa kwa waya, na huhitaji kati ya wiki 6 na 12 kuunga. Mishipa iliyopandikizwa haivutwi wala haikatiki kwa mtu kutembea; mwendo unaisaidia. Wagonjwa wengi huruhusiwa kurudi kwa wenzi wao baada ya wiki 6 hadi 8, wakiwa wanaweza kupanda ngazi bila kubanwa na kifua wala kuishiwa pumzi. Msomee Shangazi aya hii, umsomee mbele ya Mama.

Sasa mishipa yenyewe. Mshipa wa mguuni ni vena. Kazi yake maisha yote ilikuwa kurudisha damu moyoni, damu ambayo haidundi. Siku ya upasuaji hutolewa, hugeuzwa ili vali zake zisizuie damu, kisha upande mmoja hushonwa kwenye ateri kuu, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, na upande wa pili kwenye mshipa wa moyo, mbele ya pale palipoziba. Papo hapo unaanza kupokea presha ya ateri, pigo baada ya pigo, usiku na mchana. Ukuta wake hujibu kwa kunenepa ili kuhimili. Ukinenepa kwa kiasi, ni kinga. Ukizidi, nafasi ya damu inapungua.

Kuziba kwenyewe huja kwa namna tatu, na kila moja ina majira yake. Mwezi wa kwanza hatari kubwa ni damu kuganda. Utando laini ulio ndani ya mshipa huwa umeumia wakati wa kutolewa au kushonwa, damu inakuta jeraha, donge linajengeka. Kuanzia hapo hadi mwaka hivi, tatizo ni ule unene nilioutaja: seli za misuli ya ukuta huzaliana na kusogea ndani. Mwaka ukishapita, kinachotawala ni mafuta ya kolesteroli, ugonjwa uleule ulioziba mishipa ya moyo mwanzoni. Tofauti ni kwamba kwenye vena iliyopandikizwa ugonjwa huu hukua haraka zaidi, na utando wake ni laini, rahisi kumeguka.

Ninakueleza majira haya kwa sababu moja. Angiografia inaonyesha kwamba mshipa umeziba. Haionyeshi uliziba lini. Mishipa mingi ya baipasi huziba kimya, mgonjwa asihisi lolote, kwa kuwa mingine inalisha eneo lile kwa namna yake. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uitwao PREVENT IV, matokeo yake yalitolewa mwaka 2005. Wagonjwa walirudishwa kwenye angiografia kati ya miezi 12 na 18 baada ya upasuaji, na karibu asilimia 45 walikutwa na angalau mshipa mmoja wa mguuni ulioziba au kusinyaa kwa asilimia 75 na zaidi. Karibu nusu ya watu, mwanangu. Kwa hiyo mshipa wa Baba yako huenda uliziba katika wiki za mwanzo, wakati bado anameza kila kidonge alichopewa, na maumivu yakaja baadaye pale wa pili ulipoanza kusinyaa. Au uliziba mwezi mmoja kabla ya picha. Hakuna anayeweza kukuapia lipi kati ya hayo. Ndiyo maana, pamoja na kusoma barua yako kwa makini, sitakutajia mtu mmoja wa kumlaumu, na yeyote anayekutajia anasema zaidi ya anachokijua.

Alichowaambia daktari kuhusu mshipa mwembamba kina uzito mkubwa kuliko mlivyodhani siku ile. Mshipa wa baipasi hauishi peke yake. Unategemea unakomwaga damu. Madaktari wa hospitali za maveterani wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 10 na kutoa matokeo mwaka 2004. Vena zilizoshonwa kwenye mishipa ya moyo yenye upana wa zaidi ya milimita 2 zilikuwa bado wazi kwa asilimia 88. Zile zilizoshonwa kwenye mishipa ya milimita 2 kushuka chini, asilimia 55 tu. Damu ikikosa pa kwenda inapunguza mwendo, na damu inayokwenda polepole huganda. Kisukari cha miaka mingi ndicho hasa kinachoifanya mishipa ya moyo iwe myembamba hivyo, yenye ugonjwa uliosambaa kuanzia juu hadi chini, hata mpasuaji anahangaika kupata sehemu safi ya kushona.

Kuna jambo la pili ambalo familia nyingi hushangaa kulisikia. Mshipa wa baipasi unaweza kufa kwa sababu mshipa wa asili haukuwa umeziba vya kutosha. Barabara ya zamani ikiwa bado inapitika, wachache watashika ile mpya ya kando, na mwishowe inaota majani. Mishipa inayotoka kifuani na mkononi ndiyo inayoathirika zaidi na hali hii, kwa sababu ni ateri hai: ikipata damu kidogo hujikaza, na inaweza kunywea hadi ionekane kwenye picha kama uzi. Kwa hiyo mpasuaji makini hapandikizi popote panapoonekana pamesinyaa kidogo. Anapima kwanza.

Halafu kuna mikono na chombo. Ungeingia chumba cha upasuaji ungeona vena imelazwa ndani ya bakuli la dawa ikisubiri zamu yake, na mtu ameshika bomba la sindano anaijaza maji kutafuta matundu ya vitawi vilivyokatwa. Akisukuma kwa nguvu, utando wa ndani unachanika, na kwa nje hakuna anayeuona mchaniko huo. Majimaji yaliyomo bakulini nayo yana maana: maji ya chumvi ya kawaida huumiza utando huo kuliko damu au michanganyiko iliyosawazishwa asidi yake. Wapo wapasuaji wanaoitoa vena pamoja na mafuta yanayoizunguka, bila kuishika moja kwa moja wala kuipanua kwa maji. Njia hiyo ilianzia Örebro, Uswidi, na majaribio yaliyofanywa China yameonyesha vena chache zaidi huziba katika mwaka wa kwanza. Gharama yake ni kidonda cha mguu kinachosumbua zaidi. Kutoa vena kwa kamera kupitia tundu dogo kulizua maswali mwaka 2009, pale wachunguzi walipoona mishipa mingi zaidi ikiziba. Utafiti wa baadaye, uliofanywa na watoaji wenye uzoefu, haukuona tofauti ya vifo wala mishtuko ya moyo. Kwangu mimi somo hapo ni uzoefu wa anayeshika mshipa.

Mwambie Baba mdogo haya kwa utaratibu. Mshipa kuziba, peke yake, si ushahidi kwamba mtu alishona vibaya. Anachoweza kufanya, na ni haki yenu, ni kuomba ripoti ya upasuaji. Ndani yake itaandikwa kila mshipa ulitoka wapi, ulishonwa kwenye mshipa gani wa moyo, huo wa moyo ulikuwa na upana gani na hali gani. Hospitali nyingi pia hupima mtiririko wa damu kwenye kila mshipa kabla ya kufunga kifua, kwa kifaa kidogo kinachokumbatia mshipa kutoka nje. Kama kipimo kilikuwa kibaya na hakuna aliyerudia kushona wala kueleza kwa nini, hilo ni swali halali la kumwuliza mpasuaji uso kwa uso. Kama mtiririko ulikuwa mzuri na mshipa wa moyo ndio mdogo, mwanasheria hatakuwa na la kushika. Nami naona kila mgonjwa angepaswa kutoka hospitali na mchoro wa karatasi moja wa mishipa yake mipya. Watu wanarudi nyumbani wakijua tu kwamba "niliwekewa mitatu", na ikitokea shida miaka 5 baadaye daktari mpya anapapasa gizani.

Umeuliza kwa nini hawakutumia ya kifuani pekee. Ni kweli ateri ya ndani ya kifua, hasa ya kushoto, ndiyo bora tuliyo nayo. Utafiti uleule wa maveterani ulikuta asilimia 85 zake ziko wazi baada ya miaka 10, huku vena zikiwa asilimia 61. Ukuta wake ulizoea presha tangu kuzaliwa, na utando wake hutoa kemikali zinazozuia damu kuganda na mafuta kujikita. René Favaloro alipoanza kutumia vena ya mguu pale Cleveland mwaka 1967 alifungua mlango kwa mamilioni ya wagonjwa, lakini ilipofika 1986 wenzake wa hospitali hiyohiyo walionyesha kwamba waliopewa ateri ya kifua kwenye mshipa mkuu wa mbele wa moyo waliishi zaidi. Tangu hapo hiyo ndiyo kanuni, na Baba yako aliipata. Mshipa ule ndio unaolisha sehemu kubwa ya upande wa kushoto wa moyo. Uko wazi. Kati ya yote uliyoniandikia, hiyo ndiyo habari nzito kuliko zote, na naona kwenye barua yako imepita kwa sentensi moja.

Ateri za kifua ziko mbili tu, moja kila upande. Kuzitoa zote mbili kunapunguza damu inayoponya mfupa wa kifua, na kwa mwenye kisukari hatari ya kidonda hicho kuoza ni kubwa. Ateri ya mkononi ni chaguo jingine. Majaribio yaliyokusanywa pamoja na kutolewa mwaka 2018 yalionyesha huziba mara chache kuliko vena katika miaka 5 ya kwanza. Lakini inataka mshipa wa moyo uliosinyaa sana, angalau asilimia 70, na haifai kwa mtu ambaye figo zake zinaweza kuhitaji mashine baadaye, kwa kuwa mshipa huo wa mkono utahitajika. Vena ya mguu ni ndefu, inapatikana kirahisi, inatosha kwa zaidi ya mshipa mmoja. Kwa mgonjwa kama Baba yako, uamuzi waliofanya ni ule ambao wapasuaji wengi wangefanya.

Sasa tufike kwenye droo.

Dawa ya kolesteroli anayoiita haina haja, yaani statini, ndiyo kinga kuu ya zile vena kuanzia mwaka wa kwanza na kuendelea. Mishipa mipya haikuja na kolesteroli mpya. Damu inayopita ndani yake ni ileile. Mwaka 1997 Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa waliokwisha kupandikizwa vena. Kundi moja lilishusha kolesteroli mbaya, LDL, hadi chini kidogo ya miligramu 100 kwa desilita. Jingine likabaki kwenye 130 na kitu. Ugonjwa uliendelea katika asilimia 27 ya mishipa ya kundi la kwanza, na asilimia 39 ya kundi la pili. Leo tunashuka chini zaidi ya hapo. Miongozo ya Ulaya inataka LDL ya mgonjwa kama Baba yako iwe chini ya miligramu 55, sawa na milimoli 1.4 kwa lita. Ulizeni yake ni ngapi. Kama hakuna anayejua, ipimwe wiki hii.

Maumivu ya mapaja nayaamini, na nisingependa mtu yeyote amwambie anajidekeza. Mara nyingi maumivu ya misuli kwa watu wanaomeza statini yana chanzo kingine, lakini mara nyingine ni dawa kweli. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli inaharibika. Dawa inaweza kupunguzwa, kubadilishwa kwa statini ya aina nyingine, au kuongezewa ezetimibi, dawa nyingine ya kolesteroli, ili statini iwe kidogo. Akishindwa zote zipo sindano za kushusha LDL, ingawa bei yake ni kubwa. Njia zipo nyingi, na hakuna hata moja inayoanza kwa kuficha pakiti kwenye droo. Kosa la Baba yako si kuumwa misuli. Ni kunyamaza.

Ibuprofeni imenitia wasiwasi kuliko hata sigara, kwa sababu hakuna aliyeijua. Aspirini inafanya kazi kwa kushika sehemu maalumu kwenye chembe zinazogandisha damu na kuizima kwa maisha yote ya chembe hiyo. Ibuprofeni hukalia sehemu hiyohiyo kwa saa chache. Ikiwahi kufika, aspirini inakuta pamekaliwa, inapita, inatolewa mwilini, na ibuprofeni ikiondoka chembe zinarudi kugandisha kama kawaida. Maana yake ni kwamba Baba yako angeweza kumeza aspirini kila asubuhi kwa uaminifu na asipate kinga yake yote. Juu ya hayo, dawa za jamii hiyo, diklofenaki ikiwemo, hupandisha presha, huchosha figo ambazo kisukari kimeshazielemea, na zenyewe huongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Azikome kabisa. Akiumwa, paracetamoli kwa kipimo sahihi, na daktari wake ajue.

Aspirini yenyewe asiache siku moja bila ruhusa ya daktari wa moyo. Hii huanzwa ndani ya saa 6 za kwanza baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa bado chumba cha uangalizi, ikiwa havuji damu sana, na huendelea maisha yote. Kwa kawaida ni miligramu 75 hadi 100 kwa siku. Wapo wanaoongezewa dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda kwa mwaka wa kwanza. Jaribio la China la mwaka 2018 lilionyesha kwamba aspirini pamoja na tikagrelo ziliacha asilimia 88.7 ya vena zikiwa wazi mwishoni mwa mwaka, dhidi ya asilimia 76.5 kwa aspirini peke yake. Wanaotumia mbili huvuja damu zaidi, kwa hiyo si ya kila mtu.

Kuhusu sigara sitazunguka. Waliofuatiliwa kwa miaka 15 baada ya baipasi, wale waliokuwa bado wanavuta mwaka mmoja baada ya upasuaji walipata mshtuko wa moyo na kupasuliwa tena zaidi ya mara mbili ya walioacha. Moshi hujeruhi utando wa mshipa na kuifanya damu igande kirahisi. Hakuna kidonge kwenye mfuko wake wa dawa kinachoweza kuushinda. Lakini usimvizie kwa kunusa makoti. Mwulize wazi, halafu mtafutieni msaada wa kuacha, iwe ni plasta za nikotini au dawa, kwa ushauri wa daktari wake. Mtu aliyeweza kuacha wiki za upasuaji anajua mwili wake unaweza.

Wewe ulipewa kazi ya kusimamia dawa za mtu mzima, baba yako mzazi, ambaye aliamua kukuficha. Hujamziba mshipa. Unachodaiwa ni kimoja: kliniki ijayo, daktari ajue kuhusu pakiti zile, ibuprofeni na sigara, hata kama Baba atakukunjia uso. Bila habari hiyo daktari atadhani statini imeshindwa kazi, naye atapanga matibabu juu ya picha isiyo ya kweli. Mwambie Baba kwanza, faraghani, kwamba utasema. Huenda akataka kusema mwenyewe, na hiyo itakuwa heri.

Mishipa iliyobaki je? Ule wa kifuani ukishavuka mwaka ukiwa mzima, kwa kawaida hudumu miaka mingi. Vena iliyosinyaa ndiyo ya kulindwa sasa, kwa statini, aspirini, sukari na presha kudhibitiwa, sigara kuzimwa, na mazoezi ya kutembea yaliyopangwa na kitengo cha moyo. Msikimbilie picha kila miezi michache akiwa hana dalili. Picha ya CT inaona mishipa hii vizuri, lakini inatafutwa pale kuna swali la kujibu.

Kupasuliwa tena siyo hatua ya kwanza, na kwa Baba yako nadhani madaktari watajitahidi kuikwepa. Upasuaji wa pili una hatari kubwa kuliko wa kwanza: kifua kina makovu, na ule mshipa mzima wa kifuani unaweza kujeruhiwa wakati wa kufungua. Faida yake hupungua pale ambapo mshipa wa mbele tayari unalishwa vizuri. Kwanza hutumika dawa za kupunguza kubanwa na kifua. Zisipotosha, huwekwa stenti, kibomba cha waya kinachoushikilia mshipa wazi kutoka ndani, na inapowezekana huwekwa kwenye mshipa wa asili wa moyo, si ndani ya vena, kwa sababu uchafu laini wa vena humeguka na kusafiri mbele wakati wa kazi hiyo, na stenti ya humo huziba tena kirahisi zaidi. Mwulize daktari wake swali hili kwa maneno haya: je, mshipa wa asili nyuma ya ule ulioziba unaweza kufunguliwa?

Kuanzia leo kila mtu nyumbani ajue ilipo dawa yake ya kupuliza au vidonge vyake vya kuweka chini ya ulimi, kama amepewa. Akibanwa kifua aketi, atumie kama alivyoelekezwa, mwangalie saa. Dakika 5 zikipita bila nafuu, au akibanwa akiwa amepumzika tu, au akitoka jasho jembamba na pumzi kukata, aende hospitali saa hiyohiyo. Mwenye kisukari anaweza asihisi maumivu makali. Uchovu wa ghafla na kukosa pumzi vinatosha kumpeleka. Asiendeshe gari mwenyewe, na msingoje Baba mdogo na Shangazi wafike mkubaliane.